Imperious, peremptory, authoritative: uchague lipi kwa mtu wa kuamrisha?

Kiingereza rasmi kina vivumishi vingi vya mtu anayeamrisha: *imperious*, *peremptory*, *authoritative*, *authoritarian*, *domineering*, *magisterial*, *dictatorial*. Kiswahili kinaweza kuyameza yote kwa "mwenye kuamrisha" na sentensi ikaonekana nzima, na hapo ndipo mwanafunzi na mfasiri wanapopotea bila kujua. Maneno haya hayatofautiani kwa ukali. Hakuna ngazi ambayo *imperious* imekaa juu ya *peremptory* au chini yake. Yanatofautiana kwa chanzo cha nguvu: amri hii inapata uzito wake kutoka kwenye cheo, kwenye ujuzi, kwenye kauli inayofunga mjadala, au kwenye tabia ya msemaji tu? Ukilijibu swali hilo kwanza, chaguo mara nyingi hujipata lenyewe.

Imperious: aliyezoea kutiiwa

Mtu *imperious* hutenda kana kwamba kutiiwa kwake ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Haombi, haelezi sababu, na hageuki kutazama kama amefuatwa. Neno halisemi lolote kuhusu kama ana haki ya kuamuru. Malkia anaweza kuwa *imperious*. Mtoto wa miaka minne anayenyooshea kikombe chake kidole na kungoja kiletwe naye anaweza. Lawama iko kwenye namna, wala si kwenye madaraka. Kwa hiyo ukiandika "the minister was imperious" hujasema kwamba waziri alivuka mipaka ya kazi yake. Umesema alivyozungumza.

Tazama pia nomino zinazoandamana nalo: *tone*, *voice*, *manner*, *gesture*, *wave of the hand*. Ni sauti, mikono na mwenendo. Ni nadra kulikuta kwenye hati au hukumu, na mwandishi akiliweka huko msomaji hukwaruzika hata asipoweza kueleza kwa nini. Lipo pia katika matumizi ya pili, ya kizamani kidogo: *imperious need*, *imperious necessity*, yaani haja isiyovumilia kungojeshwa. Hapo kiburi hakimo kabisa.

Mkazo wa kutamka uko kwenye silabi ya pili: im-PII-ri-as.

Asili yake inaeleza mengi. Kitenzi cha Kilatini *imperare* kimejengwa kwa *in-* na *parare*, "kutayarisha, kupanga". Julius Caesar, katika maandishi yake ya vita vya Gaul (sehemu kubwa yake ni Ufaransa ya leo), alikitumia mara nyingi kwa maana ya kutoza kwa amri: kabila lililoshindwa linaagizwa lilete nafaka, wapanda farasi, au watu wa kuwekwa rehani. Aliyeagizwa hakuwa na nafasi ya kujadili kiasi. Kutoka hapo likatoka *imperium*, mamlaka ya kuamuru jeshi na kuadhibu. Konsuli, mmoja wa watawala wawili wakuu wa Roma, alitanguliwa na walinzi 12 walioitwa likto, kila mmoja na fungu la fimbo begani. Nje ya mpaka mtakatifu wa mji shoka lilitiwa ndani ya fungu hilo, na ndani ya mji likaondolewa. Dikteta, ambaye Roma ya wakati huo ilimteua kwa muda tu, alikuwa na likto 24. Mamlaka yalionekana kwa macho, na mipaka yake pia ilionekana.

Kivumishi *imperiosus* kilianza kupata uchungu hapo hapo Roma. Lucius Manlius, aliyekuwa dikteta mwaka 363 KK, alibandikwa lakabu ya Imperiosus kwa ukali wake, na mwanahistoria Livy anaandika kwamba jina lenyewe lilikuwa zito kwa mji wa watu huru. Mwanawe, Titus Manlius, akiwa konsuli mwaka 340 KK, aliagiza mtoto wake mwenyewe auawe kwa kupigana na adui bila ruhusa, ingawa kijana alikuwa ameshinda. Baada ya hapo "amri za Manlius" zikawa msemo wa Kirumi kwa ukali usio na huruma. Hata hivyo neno halikuwa la lawama tupu: mshairi Horace anamwita huru yule mwenye hekima aliye *sibi imperiosus*, anayejiamuru mwenyewe.

Lilipoingia Kiingereza katika karne ya 16 lilibeba pande zote mbili. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Troilus na Cressida, Hector, shujaa wa Troya, anamshukuru Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, akimwita "most imperious Agamemnon", na ni heshima anayompa. Katika Hamlet, chapa ya 1604–05 ina "Imperious Caesar", chapa kubwa ya 1623 ina "Imperiall Caesar", mstari ule ule mmoja. Wakati huo maneno haya mawili yalikaribiana kiasi cha kubadilishana mahali. Leo hayabadilishani tena, na anayesoma fasihi ya kale aikumbuke tarehe kabla ya kuhukumu kwamba mhusika anatukanwa.

Ndugu wa ukoo mmoja: imperial na imperative

*Imperial* ni la himaya. Halina tabia ndani yake. Kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kuendesha maeneo ambayo baadaye yalikuja kuwa Kenya na Uganda iliitwa Imperial British East Africa Company. Jina lilitangaza dola iliyokuwa nyuma yake, hata kama maafisa wake wengi walistahili kivumishi kile kingine pia. Vivyo hivyo *imperial gallon*, lita 4.546, inatokana na sheria ya vipimo ya Uingereza ya mwaka 1824. Kama kitu ni cha dola au cha mfalme mkuu, tumia *imperial*. Kama ni cha sauti au mkono wa mtu, tumia *imperious*.

*Imperative* lina kazi mbili. Katika sarufi ni hali ya kuamrisha: soma, someni, njoo, nenda, lete. Katika maandishi rasmi ni "jambo la lazima", na hapa kuna kosa la sarufi linalojirudia sana kwenye ripoti. Baada ya *it is imperative that*, Kiingereza rasmi kinataka kitenzi kitupu: "It is imperative that she attend", "that he be informed". Ukitia *attends* umeshusha hadhi ya sentensi. Msomaji wa Kiswahili ana njia rahisi ya kulikumbuka hili, kwa sababu lugha yetu nayo hubadilisha kitenzi mahali hapo hapo: ni lazima afike, ni lazima aarifiwe. Pale unaposikia ile *e* ya mwisho, Kiingereza nacho kiache kitenzi kitupu.

Kuna na jirani asiye ndugu. *Impervious* linafanana kwa macho tu. Limetoka kwenye *via*, "njia", na maana yake ni kisichopenyeka: ardhi isiyopitisha maji, mtu asiyeingiwa na ushauri. Programu za kusahihisha tahajia hazitakuokoa, maana maneno yote mawili ni sahihi kitahajia.

Peremptory: kauli inayofunga mlango

Hili ndilo linalochanganywa zaidi na *imperious*. Msingi wake ni kitenzi *perimere*: *per*, "kabisa", na *emere*, "kuchukua". Kuchukua kabisa, kuondoa, kuua. Digesta, mkusanyo wa sheria uliotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533, unaeleza wito wa mahakama ulioitwa *peremptorium*: mdaiwa asiyefika baada ya kuitwa mara kadhaa huitwa kwa wito wa mwisho, na wito huo umepata jina lake kwa kuwa unaua ubishi, haumruhusu mpinzani kuendelea kuzungukazunguka. Maana hiyo ya kisheria ingali hai. *Peremptory challenge* ni haki ya kumkataa mtu asikae kwenye baraza la wazee wa mahakama bila kutoa sababu. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kesi ya kosa kubwa isiyo ya adhabu ya kifo inaupa upande wa utetezi nafasi 10 na upande wa serikali 6. Kesi ya adhabu ya kifo, 20 kila upande. Mwaka 1986, katika Batson v. Kentucky, Mahakama ya Juu iliwazuia waendesha mashtaka kuitumia haki hiyo kuwaondoa watu kwa rangi yao. England na Wales ziliifuta kwa sheria ya mwaka 1988. Nako kwenye sheria ya kimataifa, ibara ya 53 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 inazungumzia *peremptory norm*, kanuni ambayo mataifa hayawezi kukubaliana kuikwepa.

Katika matumizi ya kila siku maana inabaki ile ile, ila mlango unaofungwa ni wa mazungumzo. *Peremptory tone* ni sauti isiyongoja jibu. *Peremptory refusal* ni kukataa kusikoacha ufa.

Sasa yaweke pamoja. *Imperious* hueleza mtu, *peremptory* hueleza tamko. *Imperious* inaweza kuwa ndefu, yenye madaha na maneno ya kupamba. *Peremptory* ni fupi sikuzote, maana ufupi ndio unaoifanya. Mtu mpole kabisa anaweza kutoa amri moja *peremptory* mtoto anapokimbilia barabarani: "Simama!" Hakuna kiburi hapo, wala hakuna atakayemwita *imperious*. Kwa upande wa pili, mtu anaweza kuwa *imperious* bila kutamka neno, kwa kunyoosha tu mkono apewe koti lake. Ukiona hakuna neno lililosemwa, *peremptory* linakuwa gumu kulitetea.

Authoritative na authoritarian

Yanatofautiana kimalizio tu, na makosa yake ni ya gharama. Yote yanatoka kwenye *auctoritas*, ambayo mzizi wake ni *augere*, "kuongeza, kukuza". Augusto, kaisari wa Roma, katika maandishi aliyoyaacha juu ya kazi zake, anasema aliwazidi wote kwa *auctoritas* ingawa madaraka yake rasmi hayakuzidi ya wenzake katika kila wadhifa. Tuna haki ya kumtilia shaka kuhusu madaraka, lakini tofauti aliyoichora ni ya kweli: kuna nguvu ya cheo na kuna nguvu ya kusikilizwa.

*Authoritative* ni ile ya kusikilizwa. Kamusi, daktari bingwa, toleo lililohakikiwa. Ni sifa. Linafaa pia kwa toleo la hati lenye kauli ya mwisho: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu 259(2), inasema matoleo ya lugha tofauti yakigongana, la Kiingereza ndilo linaloshinda, kwa hiyo *the authoritative version* ni hilo. *Authoritarian* ni neno la karne ya 19, nalo ni la utawala unaodai utii na kubana uhuru. Ni lawama karibu kila mara.

Yanapogongana zaidi ni kwenye makala za malezi. Mwanasaikolojia Diana Baumrind, katika makala yake ya mwaka 1966, alitenganisha aina tatu za wazazi: *permissive*, wanaoachilia, *authoritarian*, wanaodai utii bila kueleza, na *authoritative*, wanaoshika nidhamu imara huku wakitoa sababu na kumsikiliza mtoto. Semina za wazazi na miradi ya watoto hunukuu mgawanyo huu, na tafsiri inayoandika "malezi ya kimamlaka" kwa aina zote mbili inaufuta mgawanyo wenyewe. Andika "malezi ya kimabavu" kwa *authoritarian*, na "malezi thabiti yenye maelezo" au "malezi ya msimamo na usikivu" kwa *authoritative*. Ni marefu zaidi, lakini mzazi anayesoma atajua anashauriwa nini.

| Neno | Nguvu inatoka wapi | Linashika nini | Uzito wake | Jaribu kwa Kiswahili |
|---|---|---|---|---|
| imperious | tabia | mtu, sauti, ishara | lawama, au heshima ya shingo upande | kama mtu aliyezoea kutiiwa |
| peremptory | kauli isiyojadiliwa | amri, jibu, wito | lawama nyepesi, kwenye sheria halina lawama | kwa mkato, isiyojadiliwa |
| authoritative | ujuzi, kuaminiwa | kitabu, mtaalamu, toleo | sifa | ya kutegemewa |
| authoritarian | mfumo wa utii | serikali, mzazi, shule | lawama nzito | ya kimabavu, ya kiimla |
| domineering | kumkandamiza mwingine | mwenzi, mzazi, bosi | lawama nzito | anayewapelekesha wenzake |

Yaliyobaki, kwa haraka

*Domineering* lina *dominus* ndani yake, bwana wa nyumba, na lilifika Uingereza kupitia Kiholanzi. Linahitaji mtu mwingine anayeumia na linahitaji muda: unaweza kuwa *imperious* kwa sekunde moja, lakini *domineering* ni mazoea. *Magisterial* limetoka kwa *magister*, mkuu au mwalimu. Leo husifu kitabu kikubwa cha mtu aliyebobea, na mara chache hulaumu mtu anayejifanya hakimu wa kila jambo. *Dictatorial* halitupi taabu, maana *imla* yetu inafanya kazi zote mbili kama *dictare* ya Kilatini: imla ya darasani na utawala wa imla.

*Bossy*, kutoka *baas* ya Kiholanzi, ni la mazungumzo na halifai kwenye barua rasmi. Kuna jambo la haki pia hapa. *Bossy* na hata *imperious* hurushiwa wanawake kwa mwenendo ambao mwanamume angeambiwa ni *commanding*. Kabla ya kuliandika, mbadilishe mhusika jinsia kichwani. Kama neno halimkai tena, tatizo liko kwenye chaguo lako.

Kuyavusha kwenda Kiswahili

Kosa la kwanza ni kutafsiri *imperious* kwa "mwenye kiburi". Kiburi kinaweza kukaa kimya pembeni na kutazama watu kwa dharau. Hiyo ni *haughty*. *Imperious* haiwezi kukaa kimya hivyo, sharti pawe na mtu anayeagizwa. Kosa la pili ni "kibabe". Neno hilo linaleta ngumi na vitisho, tena kurasa za michezo zimeligeuza kuwa sifa: ushindi wa kibabe. "Kinyapara" ni zuri, lakini ni la msimamizi mdogo anayejiona mkubwa, msimamizi wa shamba au wa gereza. Mpe *bossy* au *domineering*. Kwa mwanamke mtukufu wa jumba la Kiingereza halimfai kabisa.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kuacha kutafuta kivumishi. "She dismissed him with an imperious wave of the hand" likae hivi: "Alimwondoa kwa kupunga mkono tu, kama mtu aliyezoea kutiiwa." "His peremptory refusal" iwe "kukataa kwake kwa mkato". "An authoritative guide to coastal birds" ni "mwongozo wa kutegemewa wa ndege wa pwani".

Kwenye mazungumzo ya wahusika, Kiswahili kina chombo chenye nguvu kuliko kivumishi chochote: umbo la kitenzi na kilichoachwa. Mtu wa kawaida husema "Naomba maji", "Hebu niletee maji, mwanangu", "Samahani dada, maji yapo?" Mwenye hulka ya *imperious* anasema "Maji." Au "Lete maji." Hakuna salamu, hakuna naomba, hakuna mama wala kaka wala ndugu yangu. Msomaji wa Kiswahili anausikia ukosefu huo mara moja, na mfasiri hahitaji kuongeza "alisema kwa sauti ya kuamrisha". Kali zaidi ni kumwagiza mtu aliyepo kupitia mwingine: "Mwambie akae." Kinyume chake, mhusika aliye *imperious* kwenye Kiingereza ukimtilia "tafadhali" kwa mazoea ya adabu, umemuua. Angalia hasa "please" ya Kiingereza, ambayo mara nyingi haiombi kitu: "Sit down, please" ya mwalimu mkali ni "Kaa chini", basi.

Kwa *peremptory* hesabu maneno. Kama amri ya Kiingereza ina maneno mawili, ya Kiswahili isizidi mawili. "Out." ni "Toka." Ukiandika "Naomba utoke nje sasa hivi" mlango umebaki wazi.

Kwa anayeandika Kiingereza, hasa barua za mapendekezo na tathmini za wafanyakazi: ujuzi wa mtu ni *authoritative*, uwepo wake mbele ya watu ni *commanding*, wepesi wake wa kuamua ni *decisive*. *Peremptory* lielekeze kwenye maamuzi au barua zake na utaje ni ipi, maana ni shutuma inayohitaji mfano. *Imperious* usiliandike humo hata kama ni kweli. Eleza alichofanya: aliwakatiza wenzake kikaoni, aliagiza bila kushauriana na idara husika. Anayesoma tathmini anaweza kuchukua hatua juu ya hayo.